Ada ya kazi ya pili

Nilishuka jukwaani kwa mara ya mwisho jijini Dar es Salaam, mwezi Novemba 2012, nikiwa na umri wa miaka 31. Goti langu la kulia lilikuwa limevimba kiasi kwamba wenzangu wawili walinivua viatu nikiwa nimekaa juu ya sanduku la spika, kwa sababu mwenyewe sikuweza kuinama. Nilikuwa nimefanya kazi ya unenguaji, yaani kucheza jukwaani mbele ya bendi za muziki wa dansi, kwa miaka 11, usiku nne au tano kila wiki, katika bendi tatu tofauti. Wiki mbili baadaye nilipanda treni ya reli ya kati kurudi kwetu Tabora nikiwa na mabegi mawili, mtoto wa miaka minne na shilingi 180,000. Leo mimi ni fundi cherehani mwenye kibanda changu karibu na Soko Kuu, na ninaandika kuhusu jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile: msanii wa jukwaani anayelazimika kuacha kazi yake anahitaji ruzuku ya kujifunza kazi nyingine, na ruzuku hiyo isipopangwa kwa kufuata maisha halisi ya msanii haitamfikia, hata kama fedha zipo.

Nianze na mwili, kwa kuwa ndiko shida inakoanzia. Wengi wanaouona unenguaji wakiwa wameketi mezani hudhani kazi yote ni kukata kiuno. Onyesho letu lilianza saa tatu usiku na kwisha saa nane, na katika muda huo tulipanda jukwaani mara tano au sita, kila mara kwa nusu saa ya sebene, ile sehemu ya wimbo ya gitaa la kasi na kucheza, tukichuchumaa, tukiruka na kutua kwa pamoja ili vishindo vya miguu yetu sote vilingane na ngoma. Majukwaa mengi tuliyocheza yalikuwa ya saruji iliyofunikwa zulia jembamba. Mbao hubonyea kidogo mguu unapotua, lakini saruji haibonyei, na kishindo chote hupokewa na kifundo cha mguu, goti na kiuno. Hatukuwa na daktari wa bendi. Tulikuwa na dawa ya kuchua, bandeji ya mpira na vidonge vya maumivu tulivyogawana kabla ya kupanda, na aliyeumia kiasi cha kushindwa kucheza hakulipwa usiku huo, kwa sababu malipo yalikuwa kwa onyesho.

Mstari wetu wa mbele ulikuwa na wanenguaji sita. Mmoja amerudi Morogoro na analima mpunga, mmoja alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, wawili wanauza chakula pembeni mwa barabara na wanajitahidi, na mmoja alifariki dunia mwaka 2016 akiwa hana hata wa kumlipia gharama za matibabu hadi tulipochangishana kwa simu. Wa sita ndiye mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeambiwa na mwajiri yeyote, katika miaka yote tuliyofanya kazi, kwamba iko siku mwili utakataa na kwamba inafaa kujiandaa na siku hiyo.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba hali hii ni ya kwetu peke yetu, na kwamba wachezaji wa mataifa tajiri huzeeka jukwaani kwa raha. Miaka mitatu iliyopita mteja wangu mmoja, mwalimu wa muziki ambaye namshonea mashati, alinieleza kuhusu mifuko ya kuwasomesha wacheza dansi katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu habari hiyo. Nilichojifunza kwanza ni kwamba mwili wa mcheza baleti wa London huisha mapema kama wangu. Mwaka 2004 watafiti William Baumol, Joan Jeffri na David Throsby walitoa ripoti iliyowahusu wacheza dansi wa Australia, Marekani na Uswisi, na jambo moja katika ripoti hiyo lilinigusa sana: waliokuwa bado wakicheza walitarajia kuendelea hadi baada ya kutimiza miaka 40, ilhali walioacha walikuwa wameacha katika miaka ya 30 na kitu. Nilipolisoma hilo nilikumbuka jinsi mimi nilivyokuwa nikiwaambia wenzangu kwamba nitacheza hadi mwanangu amalize shule ya sekondari. Kila mcheza dansi hujipa miaka ambayo goti lake halina.

Tofauti kati yetu na wao iko katika kinachofuata. Uingereza imekuwa na mfuko wa kuwasaidia wacheza dansi kuhamia kazi nyingine tangu mwaka 1973, na kampuni kubwa za dansi za nchi hiyo huuchangia. Huko New York shirika la namna hiyo lilianzishwa mwaka 1985, likafanya kazi kwa miaka 30, kisha mwaka 2015 likaunganishwa na mfuko wa kuwasaidia waigizaji ambao wenyewe una umri mkubwa zaidi, maana ulianzishwa mwaka 1882. Kanada nayo ilianzisha kituo chake mwaka huo huo wa 1985, kwa juhudi za Joysanne Sidimus, ambaye alikuwa mcheza baleti na aliyajua matatizo haya kwa mwili wake. Uholanzi ilifuata mwaka 1986. Baadaye mashirika haya yaliunda umoja wao wa kimataifa, ulioanzishwa nchini Uswisi mwaka 1993, ili yapeane uzoefu.

Mpango wa Uholanzi ndio nilioupenda kuliko yote, kwa hiyo nitaueleza kidogo. Mcheza dansi aliyeajiriwa hukatwa sehemu ndogo ya mshahara wake, na mwajiri huongeza sehemu yake, na fedha hizo hukusanywa katika mfuko mmoja. Anapofika wakati wa kuacha, akiwa amechangia kwa miaka inayotakiwa, mfuko humlipia masomo ya kazi mpya aliyoichagua na pia humwongezea kipato cha kuishi wakati akisoma. Kanada nako, pamoja na ruzuku ya masomo, wamekuwa wakitoa ruzuku ya kujikimu. Naomba msomaji aliweke moyoni neno hilo la kujikimu, maana nitalirudia, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mpango wa namna hii utafanya kazi au utabaki kwenye makaratasi.

Wafaransa walichukua njia nyingine. Wacheza baleti wa Opera ya Paris wana haki ya kustaafu kwa pensheni wakiwa na miaka 42, utaratibu ambao mizizi yake ni ya mwaka 1698, enzi za mfalme Louis wa 14. Serikali ya Ufaransa ilipotaka kubadili mifumo ya pensheni mwaka 2019, wacheza dansi hao waligoma, na tarehe 24 Desemba walitoka nje wakacheza baleti kwenye ngazi za jumba lao la opera, katika baridi, wapita njia wakiwatazama. Niliiona picha ya mabinti hao wakiwa na mavazi meupe juu ya ngazi za mawe, na jambo la kwanza nililolifikiria ni magoti yao.

Sasa nirudi Tabora. Mwanzoni mwa mwaka 2013 nilisikia kwamba kuna mpango wa kuwafadhili watu wasio na ajira ili wajifunze ufundi, na nikaenda katika ofisi ambayo sitaitaja. Nilipewa fomu. Nilijaza jina, umri, kata na shule niliyosoma, kisha nikafika kwenye mstari ulioandikwa “Uzoefu wa kazi”, na hapo nikaandika kwa herufi kubwa: MNENGUAJI, MIAKA 11. Afisa aliyeipokea fomu aliisoma, akanitazama, akaniambia kwa upole, “Mama, hapa tunauliza kazi.” Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, kwamba nililipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo na kumlea mtoto kwa kazi hiyo. Aliniuliza kama nina mkataba, nikasema sina. Aliniuliza kama nina barua ya mwajiri, hati ya mshahara au kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, nikasema sina. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno yangu, na pembeni akaandika “Hana”.

Sikumchukia afisa yule, kwa sababu alifuata fomu aliyopewa. Lakini mstari ule wa kalamu umebaki nami. Ushahidi pekee niliokuwa nao ulikuwa picha nne za jukwaani na pasipoti yenye mihuri ya safari mbili za Nairobi, na ushahidi huo haukuwa na mahali pa kubandikwa. Nilinyimwa ufadhili kwa maelezo kwamba nafasi zilikuwa chache na walipewa kipaumbele wenye uzoefu wa kazi unaoweza kuthibitishwa.

Hapa ndipo mipango ya nchi za wenzetu haiwezi kuhamishwa ilivyo na kupandwa kwetu. Mifuko yao humtaka mwombaji athibitishe miaka aliyocheza na mapato aliyoyapata, na kwao hilo linawezekana kwa sababu kuna mikataba, vyama vya wafanyakazi na kampuni zenye vitabu vya mishahara. Mnenguaji wa bendi ya Tanzania alikubaliwa kazi kwa mdomo, akalipwa fedha taslimu saa tisa usiku ndani ya bahasha au mkononi, na siku bendi ilipovunjika hakukuwa na pa kwenda kudai wala kuomba barua. Bendi yangu ya mwisho iliondoka ikiwa na deni langu la maonyesho 17. Tukianzisha ruzuku kesho na kuweka sharti la mkataba wa kazi, watakaoipata ni wachache wenye majina, na wacheza ngoma, wanasarakasi, waigizaji wa majukwaani na wanenguaji wataandikiwa “Hana” kama nilivyoandikiwa mimi.

Na wala si kweli kwamba nchi hii haijawahi kumhesabu msanii wa jukwaani kama mfanyakazi. Mji wangu ndio uliozilea bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na wazee wa hapa wanaweza kusimulia historia ya muziki wa dansi kwa usiku kucha. Watakueleza pia kwamba baada ya Uhuru bendi nyingi kubwa zilimilikiwa na taasisi za umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Jeshi na polisi walikuwa na bendi zao, shirika la bima lilikuwa na yake. Mpiga gitaa katika bendi hizo alikuwa mwajiriwa, akipokea mshahara wa mwezi, na vyombo alivyopiga vilikuwa mali ya taasisi. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, na wanamuziki wa wakati huo walihama bendi mara kwa mara wakitafuta maslahi, lakini angalau jina la msanii lilikuwa katika daftari la mahali fulani. Sisi tuliokuja baadaye, katika bendi za watu binafsi, hatukuandikwa popote. Kwa hiyo ninapoomba msanii ahesabiwe kuwa ni mfanyakazi, sileti jambo geni kutoka Ulaya. Nakumbusha jambo lililokuwapo na likaachwa.

Ada yangu ya chuo niliipata kwa kuuza televisheni, hereni za dhahabu na mavazi yangu yote ya jukwaani, ambayo yalinunuliwa na kikundi cha ngoma kwa bei ya chini. Nilianza kusoma ushonaji Machi 2013 na kumaliza Agosti 2014, miezi 18. Ada kwa kipindi chote ilikuwa shilingi 300,000. Lakini kodi ya chumba, chakula, mafuta ya taa, dawa za goti na mahitaji ya mtoto havikupungua chini ya shilingi 150,000 kwa mwezi hata nilipobana kila kitu, na ukizidisha kwa miezi 18 unapata shilingi 2,700,000. Gharama ya kuishi ilikuwa mara tisa ya ada. Laiti si mama yangu aliyetuhamishia kwake Isevya mwezi wa tano na kutulisha kwa faida ya karanga zake, na mjomba aliyeleta gunia la mchele kila mavuno, ningeacha masomo kabla ya mwaka kwisha. Darasani kwetu tulianza wanafunzi 22 na tulimaliza 13, na ninavyokumbuka, karibu wote walioacha walishindwa na nauli, njaa au mtoto kuugua.

Ndiyo maana nimesema neno la kujikimu ndilo linaloamua. Mtu mzima anayejifunza kazi upya anatofautiana na kijana aliyetoka shule na anayeishi kwa wazazi. Ana watoto, ana kodi, mara nyingi ana wazazi wanaomtegemea, na kila saa anayokaa darasani ni saa ambayo haingizi senti. Ruzuku inayolipa ada pekee humfikisha mlangoni mwa chuo na kumwacha hapo. Ningependelea mpango unaosaidia watu 20 kikamilifu, kwa ada, vifaa na posho ya mwezi, kuliko unaolipia ada ya watu 100 ambao 60 kati yao wataacha kabla ya mtihani.

Nisimulie kidogo kuhusu chuoni, kwa sababu kuna jambo nililoligundua huko ambalo sikulitarajia. Wiki ya kwanza hatukushona kitu. Mwalimu wetu, mzee aliyeshona sare za shule tangu kabla sijazaliwa, alitupa kila mmoja cherehani ya miguu isiyo na uzi na kipande cha karatasi ya kaki kilichochorwa mistari, akatutaka tukanyage na kuifuata mistari kwa sindano tupu hadi matundu yanyooke. Wanafunzi wengi walihangaika na kanyagio. Gurudumu likirudi nyuma badala ya kwenda mbele, karatasi inachanika; ukikanyaga kwa nguvu mwanzoni na kulegea katikati, matundu yanabanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Mimi siku ya pili matundu yangu yalikuwa sawa. Mwalimu aliichukua karatasi yangu, akaiinua juu kwenye mwanga wa dirisha na kuniuliza niliwahi kushona wapi. Nilimjibu kwamba sijawahi, ila nimezoea kuhesabu nane kwa miguu. Akacheka kwa furaha, akanitaka nimwoneshe, nikamhesabia: kisigino, kidole, kisigino, kidole, bila kupunguza wala kuongeza, kama tulivyosubiri gitaa la solo liingie. Aliponiona nauma meno kwa sababu ya goti la kulia, alinifundisha kuutanguliza mguu wa kushoto kwenye kanyagio na kuuacha wa kulia ufuate tu. Hadi leo ndivyo ninavyoshona.

Nilitambua siku ile kwamba miaka yangu 11 haikupotea, na kwamba yeyote anayempangia msanii kazi ya pili inampasa kwanza amuulize anajua nini. Mnenguaji hushika hatua mpya 40 kwa kuonyeshwa mara mbili. Hurekebisha vazi lililopasuka dakika tano kabla ya kupanda. Anajua kusimama mbele ya watu 500 bila kutetemeka, na kufanya kazi sawasawa hata akiwa amechoka, akiwa na huzuni au akiwa na homa. Fundi mitambo wa bendi yetu, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo, alikuwa akifungua amplifaya iliyoungua saa sita usiku na kuitengeneza kwa mwanga wa tochi ya simu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa, hujazwa pale alipopungukiwa na hupewa cheti. Utaratibu huo umewasaidia sana waashi, makanika na maseremala. Sioni sababu ya kuwasahau watu wa jukwaani: fundi mitambo wetu angepimwa katika umeme na elektroniki, wasusi na washonaji wa mavazi ya maonyesho wangepimwa katika urembo na ushonaji, na miezi 18 ingeweza kuwa sita. Kwa mfuko wenye fedha kidogo, tofauti hiyo ni kubwa.

Wapo watakaoniuliza kwa nini naomba ruzuku wakati mikopo ipo. Ni kweli, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii katika miaka ya karibuni, na ninawajua walionufaika, hasa wanaorekodi na kuzalisha kazi zao wenyewe. Mkopo humfaa anayeendelea na sanaa, kwa kuwa kazi anayoizalisha ndiyo itakayolipa. Anayeiacha sanaa kwa sababu mwili umekataa hana kazi ya kuuza mwezi ujao. Marejesho yanaanza wakati yeye bado anajifunza kukata kola. Mirabaha nayo haimfikii mnenguaji. Inamfuata mtunzi na wale ambao majina yao yameandikwa kwenye kazi, na jina la mnenguaji haliandikwi, ingawa video ya wimbo huo hutazamwa kwa sababu yake.

Wengine, na hao nimewasikia hata katika familia yangu, husema kwamba wasanii hupata fedha nyingi na kuzitumia ovyo, basi wavune walichopanda. Sitakataa kwamba wapo waliotumia ovyo. Mwaka wangu mzuri kuliko yote, 2008, nililipwa shilingi 10,000 kwa onyesho, na kati ya hizo nilinunua mavazi, viatu, vipodozi na nauli ya teksi ya saa tisa usiku, maana hakuna daladala saa hizo na binti hatembei peke yake. Aliyekuwa na fedha ni mwenye bendi na, kwa kiasi fulani, waimbaji wawili wa mbele. Kumhukumu mnenguaji kwa magari ya mwimbaji ni kumkosea.

Kuna jambo la wakati ambalo nalo ni zito. Nilikwenda kuomba msaada nikiwa tayari nimeumia, nimerudi nyumbani na sina akiba, na huo ndio wakati mgumu kuliko wote wa kufikiri kuhusu kazi mpya. Kwa miezi mitatu ya kwanza Tabora sikutoka nje mchana isipokuwa kwa lazima. Nilijisikia kama mtu aliyefiwa, na kila muziki wa dansi uliposikika kutoka baa za Ng'ambo, miguu ilianza yenyewe na goti likanikumbusha. Mashirika ya wenzetu yalilijua hilo mapema, ndiyo maana huwapa wacheza dansi washauri wa kuzungumza nao, na huwahimiza waanze kujifunza kitu wakiwa bado wanacheza. Kwa ratiba ya bendi zetu hilo linawezekana. Tulifanya mazoezi mchana mara tatu kwa wiki na siku nyingine tulilala hadi saa nane. Laiti mtu angenilipia kozi fupi ya saa mbili kwa siku nikiwa na miaka 26, ningerudi Tabora na cheti badala ya mabegi matupu.

Kwa hiyo ningeuomba mfuko wowote utakaoanzishwa, uwe wa serikali, wa wafadhili au wa wasanii wenyewe kwa kuchangishana, ukubali ushahidi tulionao: picha, mabango ya maonyesho, mihuri ya pasipoti, barua ya afisa utamaduni wa wilaya, maneno ya wenzetu watatu tuliocheza nao. Halmashauri zina maafisa utamaduni, nao wanavijua vikundi vyao. Baraza la Sanaa la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1984 na lina utaratibu wa kuwasajili wasanii. Kuongeza katika usajili huo daftari la miaka ya kazi, ambalo msanii atalipeleka kugongwa muhuri mara moja kwa mwaka, hakuhitaji sheria mpya wala jengo jipya. Na usajili huo ushuke hadi kwa wacheza ngoma ya manyanga wa vijijini Uyui na Sikonge, ambao huitwa kila kiongozi anapokuja, hucheza juani tangu asubuhi na kurudi kwao na soda na nauli.

Mwezi uliopita alikuja kibandani binti wa miaka 22, anacheza katika kikundi cha ngoma cha hapa mjini, akataka nimpime sketi mpya ya maonyesho. Wakati nikizungusha futi kiunoni niliona amefunga bandeji chini ya goti, nikamuuliza, akasema ni kitu kidogo. Nilimpa kiti. Tulizungumza hadi jua likaanza kuzama, na kabla hajaondoka nilitoa daftari jipya la kurasa 96 kwenye kabati, nikamchorea safu nne kwa rula na chaki ya fundi: tarehe, mahali, malipo, sahihi ya kiongozi. Jumatano alirudi kuchukua sketi yake na kunionyesha. Alikuwa ameandika mistari miwili kwa mwandiko mzuri, onyesho la Nzega shilingi 15,000 na la Igunga shilingi 15,000, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na sahihi.